Ndoo ya Kandida

Habari ya kifo cha Kandida ilimkuta Editruda akichambua maharage uani. Aliisikia, akaitikia, akaendelea kuchambua.

Aliyeileta ni droni ya mtaa, ile yenye bawa lililofungwa waya, ambayo hupita nyumba kwa nyumba na matangazo ya chanjo, ya maji kukatika na ya misiba, yote kwa sauti ile ile ya mwanamke aliyeshiba. "Kandida Kikoti wa Juu ya Reli ametutoka alfajiri ya leo. Mazishi ni kesho mchana. Watani mnaombwa kufika." Ikaning'inia hewani ikingoja jibu. Editruda akasema, "Nimesikia." Ikaenda kwa jirani.

Punje nzima kushoto, zilizotobolewa kulia. Kandida alikuwa mtani wake tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kubeba kuni. Editruda alijua kwamba amefiwa kama mtu anavyojua kwamba mvua inanyesha mji wa pili. Kitu kilipanda. Alikisikia kabisa kikipanda kutoka tumboni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi kooni, na pale kooni kikakuta mlango umefungwa. Kikasimama kidogo. Kikarudi kilikotoka.

Ushanga wa kiunoni ukapata joto. Akaweka ungo chini, akaenda chooni, akaubana ule ushanga kwa vidole viwili, akashusha pumzi kama alivyofundishwa. Maji yakatoka kwa adabu, yakakatika kwa adabu. Akanawa, akarudi kwenye maharage yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Editruda alianza kuvuja baada ya uzazi wake wa mwisho. Mwanzo ni tone akikohoa, baadaye tone akiinua mzigo, mwisho akicheka tu. Na kazi yake mjini Ligombe ilikuwa kucheka. Mngoni na Mhehe walipigana hapo kale hadi wakachoka, na walipochoka wakapeana utani. Ndiyo maana hadi leo, ingawa mji una treni isiyo na dereva na mvua ya kuagizwa, Mhehe akifa hazikwi mpaka Mngoni afike amtukane. Upande wa wanawake, Mngoni huyo alikuwa Editruda Komba. Hapakuwa na mwingine wa kumfikia. Angeweza kuiga kikohozi cha marehemu mpaka mjane akasahau, kwa muda wa pumzi tatu nne, kwamba ni mjane.

Siku moja, katika msiba wa mjomba wa Kandida, alikuwa akimwiga marehemu anavyowahesabu mbuzi wake kila jioni, mbuzi mwenyewe mmoja, na kicheko kikamzidi nguvu. Alisikia joto likishuka miguuni. Alikuwa amevaa kitenge cheupe, katikati ya uwanja, macho ya ukoo mzima yakiwa juu yake. Akabana magoti. Hakuweza kwenda mbele wala nyuma.

Kandida ndiye aliyeona. Alinyanyua ndoo ya maji ya kunawia wageni, ndoo ya buluu yenye mpini wa kamba, akammwagia Editruda kuanzia utosini. "Mngoni ananuka panya!" akapaza sauti. "Mwogesheni kabla hajamwambukiza marehemu!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Na Editruda akasimama pale amelowa kutoka kichwani hadi vidoleni, na maji ya huku yaliishia wapi na ya kule yalianzia wapi, hakuna aliyeweza kujua.

Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja. Ila tangu hapo, kila msiba, Kandida alikaa na ndoo karibu. Mpaka Editruda mwenyewe alipoona aibu ya kumtegemea mtu kwa ndoo, akaacha kwenda misibani.

Kisha akaja Bawabu.

Hilo ndilo jina walilompa wanawake. Daktari aliiita dawa hiyo kwa jina refu lenye tarakimu. Dokta Kemilembe, Mhaya wa Bukoba, mwembamba, asiyeinua sauti, aliwaketisha kwenye benchi la kliniki akawaeleza kwa maneno ambayo Editruda aliyakumbuka yote. Dawa za zamani, alisema, zilikuwa zinalegeza msuli wa kibofu chenyewe. Mtu akapungua kwenda haja, lakini mdomo ukakauka, choo kikafunga, na wazee wengine wakaanza kusahau majina ya wajukuu. "Kumbe tulikuwa tunampiga tarishi," akasema. "Kibofu hakina akili. Kinajaa, kinauliza: niachie? Anayejibu yuko huku." Akagusa kisogo chake, pale shingo inapoingia kichwani.

Basi Bawabu alikaa mkononi, chini ya ngozi, punje ya chembe hai isiyozidi mbegu ya ulezi. Alipika dawa yake mwenyewe kutoka kwenye damu, kidogo kidogo, ikapanda hadi kisogoni ikamnyamazisha yule mwenye kujibu. Hapo kibofu kikabaki kimefunga, mpaka ushanga wa kiunoni upate joto na mwenyewe auminye, ndipo Bawabu afungue. Kazi yote ni hiyo.

Na aliifanya. Wanawake wa Mradi, kama kliniki ilivyowaita waliopewa Bawabu, waliacha kutandika mifuko ya plastiki vitandani. Waliacha kuchagua viti vya mwisho kanisani. Wengine walinunua nguo nyeupe, kwa makusudi.

*

Jioni ile walikutana kwa Osmunda Mbano, mwalimu wa kwaya, ambaye hata salamu huitoa kama anayewaanzishia watu wimbo. Aliweka togwa mezani, akafunga mlango.

"Haya. Kesho tutaliaje?"

Walikuwa wamekwisha kulijua, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja alizika kaka yake mwezi uliopita, akasimama kama nguzo ya umeme. Mwingine alichekeshwa na mjukuu wake, akalazimika kusema kwa mdomo, "Hii inachekesha," mpaka mtoto akaogopa.

"Kitunguu," akasema jirani wa Osmunda.

"Cha wapi? Vya dukani havilizi. Viliondolewa ukali siku nyingi, watu wa mijini wamekuwa laini."

"Mimi ninavyo vya mbegu ya bibi, nyuma ya choo. Ukikata kimoja, hata mwenye nyumba ya tatu anafungua dirisha."

"Basi tutavikata, tutavifunga kwenye leso," Osmunda akasema. "Mabega tutayatingisha kwa pamoja, mimi nitaanza. Msinitangulie, mnanijua."

Wakamtazama Editruda, kwa kuwa wao wangekaa kwenye mkeka tu, yeye angeingia shimoni, kama mila inavyomtaka mtani.

"Mimi nitaiga," Editruda akasema. "Kuiga naweza. Lakini kesho kutwa wakubwa wanakuja kumuuliza daktari kama dawa iende nchi nzima. Na daktari atatuuliza sisi kama kuna kilichobadilika."

"Atatuuliza habari za maji," Osmunda akasema. "Tutajibu habari za maji."

"Na hili?"

"Hili ni letu." Osmunda akamsogezea kikombe. "Dada Edi, machozi nayo ni maji. Kama lazima yakauke ya upande mmoja, mimi nimechagua upande."

"Wewe umechagua. Na binti wa Makambako, atakayechomwa mwakani akitoka leba, atachagua lini, ikiwa hakuambiwa?"

"Nikimwambia daktari, dawa inasimamishwa. Ikisimamishwa, zile chembe zinauawa, na mwili ukishaziua hauzipokei tena mara ya pili. Alitueleza siku ya kwanza, si ulikuwepo?" Osmunda alizungumza bila hasira, kama anayerekebisha sauti ya pili. "Mume wangu alikuwa analala kwenye stoo ya mahindi. Unalijua hilo? Hakunifukuza, hakunitukana. Alisema anapenda harufu ya mahindi. Sasa amerudi chumbani. Nikamwambie nini, kwamba aondoke tena kwa ajili ya binti wa Makambako?"

Vumilia alikuwa amekaa karibu na mlango, binti wa marehemu, ambaye naye alipata Bawabu baada ya uzazi mgumu. Alikuja kuomba mkeka wa kuazima, akabaki. Mtu akamnyooshea leso yenye kipande cha kitunguu. Akaitazama, akairudisha mezani.

"Mama yangu simlilii kwa kitunguu," akasema.

"Mwanangu, shangazi zako—" Osmunda akaanza.

"Nimesema."

Alichukua mkeka wake akatoka. Osmunda akawageukia wengine, akanyoosha kiganja juu ya meza, na mmoja baada ya mwingine wakaweka vyao juu yake. Cha Editruda kilikuwa cha mwisho. Alikaa akikitazama kile kirundo cha mikono, mikono ya wanawake waliofua mashuka alfajiri maisha yao yote, kisha akaweka na chake.

"Sitasema," akaahidi.

*

Shimo lilichimbwa na mashine ya halmashauri, ya manjano, yenye mkono mmoja mrefu na taa kichwani. Vijana wa makoleo hawakuhitajika tena. Lakini mila haikuwa na haja ya makoleo, ilikuwa na haja ya shimo. Sanduku lilipotua pembeni na padri alipofunga kitabu, Editruda alikunja kitenge chake, akaruka ndani.

"Kuna mtu hai shimoni," mashine ikasema. "Tafadhali ondokeni eneo la kazi."

"Sitoki!" Editruda akajibu kutoka chini. "Huyu Mhehe alinilia mbwa wangu! Nani atanilipa?"

"Mbwa gani?" upande wa Wahehe ukaitikia.

"Simba! Mbwa wa ukoo! Alimla na mchuzi, akaniletea mnyororo wake, eti nivae shingoni kama kumbukumbu!"

"Wewe Mngoni, panya wako tumekuchomea, wanapoa!"

"Wapoe! Mimi naingia kulala hapa. Mtafutieni mzee wenu shimo lingine!"

"Kuna mtu hai shimoni," mashine ikarudia, kwa upole ule ule.

"Imeona!" Editruda akaigeukia. "Nyie wote mmekuja, hakuna hata mmoja aliyenisalimia. Chuma ndiyo imegundua kwamba mimi mzima!"

Watu wakapasuka. Hapo akaanza kumwiga Kandida mwenyewe: bega la kushoto likapanda juu, kidole kikaingia sikioni, sauti ikatoka puani. "Ee, basi, mie nimesema. Aliyesikia asikie, asiyesikia akaulize jirani." Ilikuwa Kandida mtupu. Wanawake wa Kihehe walicheka huku wanajifuta macho, na wengine wakaacha kucheka wakabaki wanajifuta tu. Ndiyo kazi ya mtani, kufungua mabomba yote mawili kwa ufunguo mmoja. Editruda aliwatazama kutoka chini, nyuso zimepangana ukingoni. Aliona kazi yake inavyokwenda. Kicheko chake mwenyewe kilifika kooni, kikagonga, kikarudi.

Kule kwenye mkeka wa Mradi mabega yalitingishika pamoja, Osmunda mbele. Leso zilifanya kazi. Vumilia peke yake alikaa wima kando ya sanduku, mtoto mgongoni, uso mkavu kabisa.

Aliyeinuka ni shangazi yake, Eusebia, mwanamke mzito mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Hebu mtazameni," akasema. "Mama mzazi yumo ndani ya ubao, na jicho la binti ni la mjusi. Tangu asubuhi namchungulia. Hata unyevu!"

Kicheko kilikatika.

"Labda alikuwa anaingoja nyumba," mwingine akasema nyuma.

"Labda anajua mama yake alikula nini juzi."

"Kwetu," Eusebia akasema, sasa akiwageukia wazee, "asiyelia huulizwa. Na huulizwa kabla maiti hajashuka. Hazikwi mtu hapa mpaka huyu aseme."

Vumilia hakusema. Editruda alimwona akifungua mdomo, akaona kitu kikipanda shingoni mwa yule binti, akajua kitakapofika na akajua kitageuka. Kikageuka. Mdomo ukafungwa. Wazee wawili wakaanza kunong'onezana, na mmoja akaiashiria mashine ishushe mkono wake, kazi isimame.

Mtani akiwa shimoni hakamatwi kwa neno lolote. Hata akimwita mkuu wa wilaya mwizi, watu watacheka, na mkuu wa wilaya atacheka kwa nguvu kuliko wote.

"Eusebia!" Editruda akapaza. "Wewe mla mbwa! Unatafuta machozi ya mtoto? Umeyatafuta usoni, nani alikwambia yanakaa usoni? Yako hapa!" Akajipiga mkononi, pale ngozi ilipovimba kidogo. "Yamefungiwa! Mimi nimefungiwa, yeye amefungiwa, na wale pale wenye leso wote wamefungiwa, msidanganywe na mabega! Tulimwajiri bawabu atuzuilie mkojo. Tukamwambia, baba, sisi tunavuja, kaa mlangoni. Bawabu mwenyewe kichwa ngumu! Hakuuliza mlango upi, kafunga nyumba nzima! Kojo halitoki. Chozi halitoki. Kicheko hakitoki. Mnaniona ninavyowavunja mbavu? Mimi sijacheka tangu masika! Na sasa mnamuuliza huyu mtoto kwa nini halii. Alie kwa kibali cha nani? Aandike barua kwa bawabu?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Wazee wale wawili walishikana wasidondoke. "Bawabu!" mtu akarudia, na kicheko kikaanza upya. Eusebia alijaribu kuushikilia uso wake, ukamponyoka. Kila neno lilikuwa kweli, na hapakuwa na hata mmoja aliyelichukua kwa kweli.

Hata mmoja wa wale wenyeji wasio wa Mradi. Osmunda alikuwa ameishusha leso magotini.

"Leteni ndoo!" Editruda akaita.

Ilikuwapo pale pale, kwenye maji ya kunawa, ya buluu, yenye mpini wa kamba. Mtu akampa. Akakwea ukingoni kwa mkono mmoja, mguu mmoja bado ndani, akammwagia Vumilia usoni maji yote.

"Mhehe ananuka mbwa! Mwogesheni, hawezi kumsindikiza mama yake hivi!"

Maji yalimchuruzika Vumilia kwenye kope, mashavuni, kidevuni, yakadondoka kifuani. Mtoto mgongoni akashtuka akalia kwa niaba ya wote. Eusebia, huku bado anacheka, bado anajifuta, akavua kanga yake ya juu akamfunika mpwa wake mabegani, akamvuta, akakaa naye chini.

"Haya, sasa analia," mwanamke mmoja akasema, ameridhika.

Wakampa Editruda kuku jike awe fidia ya Simba. Akatoka.

"Shimo liko wazi," mashine ikasema. "Asanteni kwa ushirikiano." Na Kandida akashushwa.

*

Dokta Kemilembe alikuwa amesimama nyuma kabisa muda wote, viatu vyake vya mjini vimejaa udongo mwekundu. Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, alimfuata Editruda penye magogo ya kukalia. Osmunda alimwona anavyokwenda, naye akaja akasimama hatua chache, akijifanya anakunja leso.

"Pole na msiba, mama Editruda."

"Tumeshapoa, daktari."

"Kwetu Bukoba mambo haya ya shimoni hatuna. Niliambiwa kabla sijaja: ukisikia mtani anasema, cheka." Alikung'uta udongo kiatuni. "Nilijaribu. Halafu nikawatazama wanawake wangu kwenye mkeka. Wote walitingisha bega la kulia kwanza."

Osmunda alikunja leso mara nyingine.

"Nauliza," daktari akasema. "Yale uliyosema kule chini, ulikuwa unatania?"

Kuku alijitikisa kwapani mwa Editruda. Akambana.

"Usijibu haraka," Dokta Kemilembe akaendelea. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kliniki. "Kesho nakaa mbele ya wakubwa. Ukisema ulikuwa unatania, nitakuwa nimesikia utani, na utani hauingii kwenye taarifa. Nitasema dawa inafaa, na sitakuwa nimedanganya. Ukisema kweli, najua la kufanya, na wewe unajua ni lipi. Kisogoni pale nyumba zimebanana, mama. Anayeachia maji na anayeachia kilio wanagawana ukuta. Nilikuwa na wasiwasi tangu zamani. Sikuuliza. Niliuliza habari za maji tu."

Mila ilikuwa upande wa Osmunda. Neno la shimoni hufukiwa shimoni, na mtani aliyelifufua juu ya ardhi hakosi kulaumiwa. Ahadi ilikuwa upande wa Osmunda, na stoo ya mahindi pia. Upande wa pili hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye Editruda alimjua kwa jina. Palikuwa na watu watakaokalishwa kwenye mabenchi mengi ya kliniki, wasikilize habari za tarishi na mwenye kujibu, wanyooshe mkono, wafurahi, wanunue nguo nyeupe. Na siku moja wakae kando ya sanduku la ubao wakiwa wakavu, bila kujua kwa nini, na bila mtu wa shimoni wa kuwasemea.

"Shimoni nilikuwa natania," Editruda akasema. "Sasa niko juu."

Daktari akangoja.

"Dawa inafunga kilio. Inafunga kicheko. Mimi, na wote. Iandike hivyo hivyo."

"Uliweka mkono," Osmunda akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Niliweka."

"Wa mwisho, lakini uliweka."

"Niliweka, dada. Nimeuondoa."

Osmunda alimtazama kwa muda, kama mtu anayeangalia noti iliyokosewa na mwimbaji wake bora. "Basi utapita nyumbani," akasema, "ukamweleze mume wangu mwenyewe. Mimi sitakuwa na la kumwambia." Akaenda zake kuelekea kwenye moshi wa masufuria, mgongo umenyooka, nguo yake nyeupe haina hata doa.

Dokta Kemilembe alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alieleza yaliyokuwa yakifuata, na alieleza yote bila kuficha: kwamba watachomwa sindano ya kuwaua mabawabu, kwamba haitauma, kwamba ushanga utarudishwa, kwamba huko maabara watajaribu kumfundisha bawabu mwingine atofautishe mlango mmoja na mwingine, na huenda ikawezekana na huenda isiwezekane, na vyovyote vile si kwa miili hii iliyokwisha kumpokea wa kwanza.

"Tutarudi kulowa," Editruda akasema.

"Mtarudi. Naomba radhi."

"Wewe huna kosa. Ungeuliza, tungekuficha."

Daktari akainamisha kichwa, akaondoka akitafuta njia kati ya makaburi. Editruda alibaki na kuku wake. Ushanga ulikuwa umepata joto tangu alipokuwa shimoni na hakuwa ameujali. Aliuacha uendelee. Alikuwa anafikiria nguo za kufulia alfajiri, na ule mlango wa stoo kwa Osmunda, jinsi ulivyo mwepesi, wa bati.

Vumilia alikuja kutoka upande wa kaburi. Nguo zilikuwa bado zimemganda mwilini, kanga ya shangazi mabegani. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa amesikia, au labda alikuwa amesikia cha kutosha.

"Mama alinisimulia," akasema. "Nilipoanza kuvuja, baada ya huyu. Nililia siku nzima. Akaniambia, nyamaza, nikupe habari ya Mngoni mmoja na kitenge cheupe."

Editruda alisikia kitu kikianza kupanda. Kilipanda polepole, kama mzee anayekwea mlima wa kwao, kikafika kooni, kikakuta pamefungwa. Kikakaa hapo hapo mlangoni, kinangoja.

"Kumbe na wewe unarudi kulowa," akasema mwishowe. "Hilo nimekufanyia na wewe."

Vumilia aliinua mkono. Ilikuwa ile ndoo ya buluu, tupu, inaning'inia kwenye kamba yake.

"Wewe siku hiyo cheka tu, Mngoni," akasema. "Ndoo ninayo."